Toeni Katuni Sandukuni

Hotuba kwa wakusanyaji wa katuni za zamani, Malindi

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, ndugu na marafiki. Mliotoka Lamu na basi la asubuhi, na mliotoka Mombasa, Kilifi na Watamu, karibuni Malindi. Nimeombwa nizungumze juu ya katuni za zamani nilizozipata siku za karibuni, na waliokuja kwa mara ya kwanza wameniomba ushauri wa namna ya kuanza. Nitayasema yote mawili kwa pamoja, maana kila kilichoko mezani hapa kina la kutufunza.

Lakini nitangulize lililo zito, nisije nikalisahau nikishashika karatasi hizi. Sisi tunaopenda katuni za kwetu hatuna orodha. Mwenzetu wa Marekani akiokota gazeti la zamani la Superman, anafungua kitabu cha bei cha Robert Overstreet, kilichoanza kutoka mwaka 1970, anaona toleo lile ni namba ngapi, lilitoka lini, nani alichora, na linakwenda kwa kiasi gani likiwa zima na likiwa limechakaa. Mwenzetu wa Italia anajua kwamba katuni ya kwanza ya Tex, yule shujaa wa hadithi za cowboy, ilitoka tarehe 30 Septemba 1948, na zilizofuata zote anazo namba zake. Sasa mimi nikikuta Sani, lile gazeti la katuni la Tanzania, ya miaka ya 1980 haina jalada, nimuulize nani? Namuuliza yule mzee aliyekaa kule nyuma, kwa sababu yeye anayo nyingine yenye jalada. Orodha yetu imo ndani ya masanduku yenu. Kila mmoja ana kipande chake, amekitia kufuli. Ndiyo maana tulikubaliana kwamba leo kila mtu aje na alichokipata, hata kama ni ukurasa mmoja, na akionyeshe.

Nianze na rundo hili la kulia kwangu, maana ni la Malindi hasa. Waitaliano tunao hapa tangu siku nyingi. Wako waliokuja kwa ajili ya mitambo ya San Marco kule Ngomeni, ambako setilaiti ilirushwa kutoka baharini tarehe 26 Aprili 1967, na wako waliokuja baadaye kwa hoteli na nyumba za ufukweni. Walikuja na pasta yao, na kahawa yao, na katuni zao. Mwenye nyumba akizeeka akarudi kwao, vyombo huuzwa: friji kwanza, vitanda, makochi, na vitabu mwisho kabisa, kwa sababu mnunuzi wa kitabu cha Kiitaliano haonekani upesi. Rundo hili nililikuta kwa muuza mitumba, chini ya mapangaboi mabovu na masufuria. Nusu yake ilikuwa imeshaagizwa na muuza karanga. Nikanunua nusu iliyobaki, kisha nikaenda kumtafuta muuza karanga mwenyewe, nikamletea karatasi safi za kufungia ili aniachie zile zake. Alikubali, Mungu amjalie heri.

Kidogo hiki chenye jalada jeusi ni Diabolik. Kilianza tarehe 1 Novemba 1962, na walioanzisha ni madada wawili wa Milano, Angela na Luciana Giussani. Tazameni ukubwa wake. Walikipima hivi makusudi ili msafiri wa treni akitie mfukoni na kukisoma njiani akienda kazini. Kinaingia mfuko wa kanzu bila taabu, nimejaribu. Hadithi ni za mwizi mwenye sura za bandia, na asiyejua neno la Kiitaliano huzifuata vizuri tu, kwa kuwa madada wale walijua kusimulia kwa macho ya watu na kwa giza.

Hizi ni Tex, na hapa wageni wasikilize. Hadithi ya zamani si lazima iwe kitabu cha zamani. Tex imechapishwa upya mara nyingi: kuna Tre Stelle, kuna Tutto Tex, kuna Nuova Ristampa. Wote hao wanachapa hadithi zile zile za babu zao. Kwa hiyo usilipie jalada. Fungua ndani, tafuta ukurasa wenye maandishi madogo ya mchapishaji, usome mwaka na jina la mfululizo. Rundo lote hili, ukiniuliza bei yake Italia, si kubwa. Mimi nimelichukua kwa sababu nyingine.

Sababu yenyewe ni hii Topolino. Topolino ndiye Mickey Mouse kwa Kiitaliano, na kijitabu chake cha ukubwa huu kinatoka tangu Aprili 1949. Pembeni mwa picha, kwa penseli, mtu ameandika maana za maneno kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa. Mwandiko ni mzuri, umelala kidogo kama wa mtu aliyepita chuoni. Nilipoionyesha mtaani, mzee mmoja aliyefanya kazi ya hoteli akasema ndivyo walivyojifunza lugha wengi wao: mgeni anaacha kitabu chumbani, kijana anakichukua, picha inamwambia nusu ya maana, na nusu nyingine anaiuliza kesho yake jikoni. Wako waliokwenda na Kiitaliano hicho mpaka Italia, wakaoa, wakazaa. Kwa hiyo ndugu yangu aliyeniambia wiki iliyopita kwamba katuni za kizungu hazina nafasi kwenye mkusanyo wetu, leo namjibu mbele ya watu, kwa heshima: kitabu kilichosomwa Malindi kwa penseli mkononi ni cha Malindi.

Na kuna huyu ambaye siwezi kumpita, Hugo Pratt. Alizaliwa Italia mwaka 1927, akaletwa Ethiopia akiwa mtoto wa miaka kumi, wakati Waitaliano wameikalia nchi ile. Utotoni mwake aliona jangwa, aliona askari wa Kiafrika na wa Kizungu, aliona baba yake akichukuliwa mateka wa vita asirudi tena. Alipokuwa mchoraji akamuumba baharia Corto Maltese, mwaka 1967. Katika mfululizo unaoitwa Le Etiopiche, Corto anapita Yemeni na nchi za Danakil, na hadithi ya mwisho inamfikisha Rufiji, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kwenye mambo ya watu-chui, wale wa chama cha siri. Msomaji wa Venezia alikuwa akiisoma Rufiji kama nchi ya ndoto. Sisi tuna jamaa zetu Utete, huko huko Rufiji. Ndiyo maana nasema hadithi ile inatuhitaji sisi tuisome, tuseme pale alipopatia na pale alipotunga tu. Wasomaji wake wa Ulaya hawawezi kuifanya kazi hiyo.

Sasa turudi kwa muuza karanga, maana nimemtaja kwa wema na nisingependa mumchukie. Karatasi ni bidhaa. Gazeti likishasomwa linafungia karanga, kashata, viazi karai, na misumari dukani. Hata Marekani ilikuwa hivyo: wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu zikasagwe upya, na katuni za miaka ile zikaenda kwa marobota. Ndicho kilichozifanya zilizobaki ziwe ghali. Mwezi Novemba 2025 nakala moja ya Superman namba 1, ya mwaka 1939, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 9.12. Ilikutwa darini, kwenye boksi, chini ya magazeti makuukuu, katika nyumba ya mama yao ndugu watatu kaskazini mwa California, mahali penye ubaridi unaoilea karatasi. Hapa kwetu hakuna dari inayoilea karatasi. Joto, chumvi na unyevu wa kusi hufanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kilichobaki Pwani kimebaki kwa sababu kuna mtu aliyekihangaikia. Mimi kila nikikuta gazeti la mwaka 1970 hapa, namtafuta mtu huyo kwanza, kabla sijaulizia bei.

Hivi ndivyo nilivyozipata hizi tatu. Wazee naona mmeshatabasamu. Lance Spearman! Nyanyueni mikono waliokuwa wakimsubiri Spear. Basi, vijana tazameni idadi ya mikono hiyo. Gazeti lake liliitwa African Film, likitolewa na Drum Publications, na lilivuma mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Nairobi, Lagos, Accra, Dar es Salaam, na mpaka vibandani huku. Hakuna mchoro humu. Ni picha za kamera zilizopangwa kwa vyumba kama katuni, zikatiwa viputo vya maneno. Spear ni mpelelezi, amevaa kofia ya panama na tai ya kipepeo, anaendesha Corvette Stingray, na Sonia yuko upande wake, na kijana Lemmy, na Kapteni Victor wa polisi. Adui yake mmoja ni Rabon Zollo. Aliyesimama mbele ya kamera kama Spear ni Jore Mkwanazi, mtu wa Afrika Kusini, katika siku ambazo nchini kwao mtu mweusi alihitaji pasi mkononi apite barabarani. Hilo ndilo linalonishika mimi kila nikifungua kurasa hizi. Watoto wa Malindi walimwona mtu mweusi anayeingia popote, anayejibu wakubwa bila kutetemeka, na hawakuwa na habari kwamba mchezaji mwenyewe hana uhuru huo kwake.

Nimezipata kwa mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alizishona kwa uzi, tatu pamoja, na kuzifunika kwa gamba la kalenda. Jalada la ile ya kati halipo. Pini zote alizitoa. Sijui kama aliambiwa na mtu au aliona mwenyewe, lakini pini ndiyo inayoanza kuua gazeti Pwani: inashika kutu, kutu inakula karatasi, na ukurasa wa katikati unadondoka. Yule bwana alizitoa, akashona. Karatasi ya katikati imetulia mpaka leo.

Spear alizaa watoto. Tanzania, Faraji Katalambula, yule yule aliyetuandikia Simu ya Kifo, alitoa Film Tanzania, hadithi za picha za kamera kwa Kiswahili. Hiyo sinayo, na yeyote humu ndani aliye nayo nitamfuata mpaka mlangoni kwake, angalau niitazame. Kabla ya Film Tanzania kulikuwa na katuni ya Chakubanga, ya Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru. Kisha ikaja Sani. Hizi hapa, zimevuka mpaka wa Lunga Lunga ndani ya mzigo wa vitenge, mwenye mzigo amezitumia kukaza boksi. Wahusika wake ni Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Kipepe, Pimbi. Waliosoma Sani wanajua kwamba kila mtaa una Lodi Lofa wake. Miongoni mwa waliowapa uhai watu hawa ni Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wachoraji wengi waliomfuata Dar es Salaam walijifunzia kwenye mistari yake. Kwa hiyo mkikuta Sani za mwanzo, hata ukurasa mmoja, msiutupe kwa sababu hauna mwanzo wala mwisho. Huenda ni mkono wa Ndunguru.

Za Nairobi nitazipitia haraka, zinajulikana zaidi na wako humu wanaozijua kunishinda. Juha Kalulu wa Edward Gitau, katika Taifa Leo, miongo kwa miongo. Hizo mkizipata zimekatwa na kubandikwa daftarini, kama alivyofanya binti wa Lamu aliyekaa hapa mbele, liacheni daftari lilivyo, msizibandue. Joe, gazeti la vichekesho la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lililoanza mwaka 1973 na kudumu hadi 1979. Na miaka ya 1980 Pichadithi, vitabu vya ngano kwa katuni, vilivyochapishwa na Kul Graphics, ambako Hirst alikutanisha wachoraji vijana akiwemo Frank Odoi, aliyetoka Ghana akafanya Nairobi kuwa kwao. Hii ninayoinyanyua ni Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mkuki haumwingii mwilini, mpaka mkewe alipoijua siri ya kivuli chake. Mwisho, Abunuwasi wa Gado, uliotolewa na Sasa Sema mwaka 1996, kwa Kiswahili, ukatuonyesha kwamba ngano tulizosimuliwa na bibi zinaweza kukaa kwenye vyumba vya katuni bila kupoteza ladha. Huu si wa zamani sana, lakini nawaambia wekeni leo mtakachokililia kesho.

Nimeitaja Lwanda Magere kwa sababu ya hili daftari. Naomba walio nyuma wasogee, halitapita mkono kwa mkono.

Limetoka Lamu. Nyumba moja ilikuwa ikitengenezwa, mafundi wakashusha vitu kutoka darini, daftari hili likiwemo, na ndugu wa aliyelichora wakanikabidhi nilitunze na kulionyesha, kwa sharti nisitaje jina lake. Ni daftari la shule la kawaida, lenye jedwali la kuzidisha kwenye gamba la nyuma. Ndani yake mvulana amechora kisa cha Fumo Liyongo, mwanzo hadi mwisho, kwa kalamu ya wino wa buluu. Kila ukurasa amepiga mstari kwa rula, vyumba vinne. Ukiuweka kando ya Pichadithi unaona kabisa kwamba aliwahi kuisoma: namna anavyoweka mkono mkubwa mbele na uso mdogo nyuma, na namna anavyokata chumba kwa mshazari mtu anapokimbia. Alichokosa ni karatasi kubwa tu.

Tazameni anavyosimulia. Liyongo amefungwa, mama yake anampelekea mkate wa wishwa, tupa imo ndani. Mchoraji hamwonyeshi Liyongo akikata pingu. Anaonyesha ngoma ya gungu nje, watu wanacheza, matari na matasa yanalia, na chumba cha chini cha ukurasa ni dirisha dogo la gereza, giza tupu. Sisi tunaojua kisa tunasikia tupa ikifanya kazi ndani ya kelele zile. Kisha mtoto wake Liyongo anapewa sindano ya shaba. Ni ya kumchoma baba yake kitovuni. Ukurasa mzima ni ule usingizi, hakuna neno.

Lakini kurasa zilizonikalisha chini ni za kisimani. Mnajua kwamba Liyongo alipochomwa aliamka, akashika uta, akapiga goti karibu na kisima, akafa vile vile, mshale umo kwenye uta. Watu wakadhani yu hai, wakaogopa kuteka maji. Mvulana yule amelipa jambo hili kurasa tatu. Vyumba kumi na viwili, na katika vyote Liyongo yuko mahali pale pale, hajabadilika hata mstari mmoja. Wanaobadilika ni wanawake. Chumba cha kwanza wamebeba mitungi kichwani. Cha pili wamesimama mbali. Kisha wameitua mitungi. Kisha mmoja analia. Kisha mama yake Liyongo anakuja, anamwimbia. Wachoraji wakubwa wa Italia niliowataja wangempa mkono kijana huyu. Na maneno yote kwenye viputo ameyaandika kwa Kiamu cha nyumbani, hakuandika cha darasani.

Lamu hiyo hiyo ndiko Muhamadi Kijuma alikoandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913, kwa hati za Kiarabu zilizopendeza macho, na nakala zake nyingi leo ziko London, katika chuo cha SOAS. Wazungu waliozichukua waliziandika kwenye orodha: nani ameinakili, mwaka gani, kurasa ngapi. Kwa hiyo leo ukiitaka unaijua iko wapi. Daftari hili ni nakala moja duniani, na kabla ya mwaka huu halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Nyinyi mna mangapi kama hili? Nani humu hakuwahi kukaa darasani na mwenzake anayechora nyuma ya daftari la hesabu? Tafuteni madaftari hayo. Yaulizeni kwa kaka zenu, kwa shangazi zenu. Kwangu mimi yanashinda Superman.

Sasa utunzaji, kwa wanaoanza. Usianike katuni juani ukidhani unaiondoa unyevu. Jua linaikausha karatasi mpaka inavunjika na kuwa ya manjano. Karatasi hizi rahisi zina asidi ndani yake, na mwanga na joto huichochea. Ianike kivulini penye upepo. Sanduku la bati ni zuri dhidi ya panya na mchwa, lakini lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta. Liweke juu ya vibao, na ndani utandike kitambaa cha pamba, kwa sababu bati hutoa jasho usiku. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali usiitumie, harufu ile ni kemikali inayohamia kwenye wino. Tafuta ya poliesta au polipropilini. Selotepu ni haramu kabisa. Itaganda, itaacha doa la kahawia, na haitatoka tena. Penseli peke yake, kalamu ya wino usiikaribishe. Pini yenye kutu ifungue taratibu kutoka ndani kwa kisu butu, kisha shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale.

Kuhusu wadudu, dawa yangu ni friza. Ifunge katuni ndani ya mifuko miwili, toa hewa, ziba vizuri, ilaze humo wiki mbili. Ukiitoa usifungue siku hiyo. Iache ipate joto la chumba ikiwa bado imefungwa, ili umande utande nje ya mfuko usitande juu ya karatasi. Mke wangu alikataa mara ya kwanza, kwa sababu ya samaki. Sasa ana rafu yake na mimi nina yangu.

Neno moja la haki za watu. Tukishapiga picha za simu, vishawishi vitakuwa vingi vya kutuma kitabu kizima kwa marafiki. Sheria ya Kenya inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Frank Odoi alifariki mwaka 2012, Terry Hirst mwaka 2015. Familia zao zina haki. Kwa hiyo tupige jalada, ukurasa wa mchapishaji, na ukurasa mmoja wa kumtambua mchoraji. Hayo yanatosha kwa orodha. Simu iwe wima juu ya kitabu, mwanga utoke dirishani ubavuni, bila flashi.

Na bei? Nimeulizwa sana hapo nje. Mkitaka kuuziana, uzianeni, hilo si baya. Mtu ana ada za shule. Ninachoomba ni kwamba kabla kitu hakijabadilisha mikono, kiandikwe. Akija mgeni na dola zake akakibeba, angalau tubaki tukijua kwamba kilikuwepo, kilikuwa na kurasa ngapi, na kilisomwa mtaa gani.

Daftari la orodha liko kwa Bwana katibu, pale dirishani. Ameshalipigia mistari: jina la gazeti, namba ya toleo, mwaka, mchapishaji, mchoraji, bei iliyoandikwa kwenye jalada, mihuri ya maduka, jina la aliyekuwa nacho kama familia imeridhia, na hali yake. Kama hujui namba ya toleo, andika maneno ya kwanza ya ukurasa wa kwanza. Mwingine atakuja na toleo zima na tutalitambua kwa maneno hayo. Ambaye hakuja na kitu, asaidie kuandika, mwandiko mzuri unahitajika.

Tutaanza na African Film, kwa kuwa mikono iliyonyanyuliwa ilikuwa mingi. Mimi nina tatu na moja haina jalada, ile ambayo ukurasa wake wa kwanza Spear anashuka kwenye gari usiku wa mvua. Mzee wangu wa kule nyuma, nimekuona ulivyotikisa kichwa. Njoo nayo hapa mbele, tuzilaze pamoja.